Mashini Yenye Ilizimika Katikati ya Njia

Bwana yangu alikuwa mutu wa kusema mingi mu kanisa na kidogo mu nyumba. Mwanamuke mwenye kuolewa na mwalimu anajua ile: maneno yote bwana anamaliza kwa batoto ba batu, nyumbani anarudi na njaa tu. Donc, wakati alishaacha kufundisha na kifua kikaanza kumukata pumzi, akaniambia anataka kuelezea batoto ba mutoto wetu wa Kinshasa maisha yake yote, nilicheka.

"Yote? Wewe mwenye unanijibu 'ee' na 'hapana' tangu ndoa?"

"Wewe ulikuwa unaona na macho," akasema. "Bale habakuona kitu."

Ile miaka Kinshasa ilikuwa mbali kuliko Ulaya. Vita ilikata inchi bipande, hapa batu na bunduki zao, kule batu na bunduki zingine, na mutu hakupita. Mutoto wetu wa pili alibaki upande ule na muke yake. Batoto bao balizaliwa kule, Kinande, luga yetu, habajui, Butembo habajaiona hata mu picha. Muzee alikuwa anaogopa kitu kimoja tu: kwamba atakufa, halafu siku moja bataulizwa, "Babu yenu alitoka wapi?" na bakose jibu. Risasi hakuogopa. Ni ile alikuwa anaogopa. Na pumzi yake ilikuwa inapunguka kila mvua ikianza, kila mutu mu nyumba aliona.

Mimi nilimuambia achukue karatasi na biki. Akanionyesha mukono wake vile unatetemeka.

"Bataona haya maandiko, batasema babu alikuwa anakunywa kasiksi."

Na maisha yake yote hakugusa pombe. Tena, mutu akibeba barua ya karatasi mingi mu mufuko, basoda ba ku barrière, benye kufunga njia, banaifungua na kuanza maulizo. Mutoto wetu wa kwanza, mwenye alikuwa anapita Kampala kuenda kutosha mizigo ku Dubai, njo alileta shauri: "Baba, tutaweka mu disquette. Iko ndogo kama kipande ya mukate. Kule Dubai bachuruzi ba Kinshasa bako mingi, nitapata moja ataipeleka."

Ni yeye pia alikuwa mwenye ordinateur, ni kusema kompyuta. Aliiweka kwetu Kimemi, mu Butembo, juu nyumba yake iko karibu na barabara kubwa na bezi balishaingia. Na binti wetu wa mwisho alisoma kazi ya secrétaire, anajua kupiga mashini bila kuangalia bidole. Donc tulikuwa na yote: muzee wa kusema, binti wa kuandika, mashini ya kuchunga. Niliona kazi ni kama imekwisha.

Courant tulipata kwa jirani, fundi wa kuunga chuma. Groupe yake, ile moteri ya kutosha umeme, ilikuwa inanguruma kila siku kisha chakula ya muchana, na alituvutia waya. Muzee anakaa mu kiti, anafunga macho, anaanza. Alikuwa na sharti moja, hapana kumusimamisha. "Mutu akitembea mu musitu, hamumuite nyuma," anasema. Binti akiuliza namna gani jina moja linaandikwa, anakunja uso. Hata kuchunga maneno mu disquette binti alikuwa anaogopa, juu mashini ilikuwa inalia kidogo, krr, krr, na muzee anafungua macho: "Inasema nini tena, hii?" Basi alikuwa anachunga tu wakati muzee amemaliza.

Siku ya ile njia, mimi nilikuwa na kazi yangu. Jikoni yetu iko inje, mu kiwanja, na mulango wa salon ulikuwa wazi. Alikuwa anaelezea vile mama yake alimutosha kwao Kasugho, mutoto mudogo, kumupeleka masomo ya misioni kwa miguu. Si kusema "tulitembea." Hapana. Alikuwa anatembea. Kila kijito na jina yake. Kila kilima, nani alilima pale, nani alizikwa pale, mama yake alisema nini bakifika pale. Sauti yake inapanda, inashuka, mara anaiga mama yake, mara anaiga ndege ya mu musitu. Ile sauti sikuisikia tangu alikuwa kijana anakuja kwetu kuniomba kwa baba. Nilikuwa naingia na kutoka, nasikia bipande. Nikajisemea, si kitu, iko mu mashini, nitasomewa.

Halafu nikasikia bidole bya binti bikasimama. Binti akasema, "Yesu!"

Kioo ya mashini ilikuwa nyeusi kama sahani ya kuungua.

"Baba, imezima."

"Tangu wapi?"

"Nilichunga tu pale munaaga nyumbani."

"Njia yote?"

"Njia yote, Baba."

Hakukasirika. Alivuta pumzi, akasema, "Basi niko tena Kasugho." Tukacheka batatu. Ile siku tulikuwa tungali tunacheka.

Kila mutu alisema ni courant. Mimi nilisema hapana, juu wakati kioo ilikuwa nyeusi, ampoule, ile taa ya salon, ilikuwa inawaka, ni waya ileile. Mutoto wa kwanza akaniambia, "Mama, ampoule inavumilia, ordinateur haivumilie. Ni stabilisateur." Ile ni kisanduku chenye kukaa kati ya waya na mashini, kutuliza courant yenye kupanda na kushuka. Akaleta ingine, mupya. Mashini ikawaka muzuri. Muzee akakaa, akafunga macho, akaanza tena kutoka Kasugho.

Alisema muzuri, sikatai. Lakini sasa alikuwa anaruka. Anafika ku kijito moja anasema, "Hii tulishaisema," na binti anamukumbusha, "Baba, ile ilikufa." "Aa, ndiyo." Anarudi nyuma, anatafuta mwanzo wa neno, hapati ile ya kwanza. Halafu, kabla hajafika ku misioni, pu, mashini ikazima. Ile mara tena binti alikuwa hajachunga kitu, juu ya ile krr. Muzee alisema, "Tuache leo," akaenda kulala na jua ingali juu.

Jirani wetu alikasirika na sisi. "Groupe yangu haina shida! Ni mafuta. Banachanganya." Nikaenda mimi mwenyewe kwa kijana mwenye kuuzisha mafuta mu machupa, pembeni ya barabara.

"Mafuta yako iko na nini ndani?"

"Mama, mafuta yangu iko safi kama maji ya batizo!"

"Ile njo nasema. Maji iko ndani."

Batu ba pale balicheka mpaka kijana akanipa chupa ya mafuta yenye yeye mwenyewe anaweka mu pikipiki yake. Tukajaribu nayo. Mashini ikazima vilevile.

Ba mama ba maombi balisikia. Mu Kimemi neno haikawii. Balikuja na bitambaa ku kichwa, bakaweka mikono juu ya mashini, bakaomba kwa nguvu, wakati yote mashini ikakaa ikiwaka, hata haikutikisika. Bakashukuru Mungu. Nikabapa chai na mukate. Kikombe ya mwisho ilikuwa bado mu mukono wa mama moja, mashini ikazima. Akaweka kikombe chini polepole, akaniangalia kama ni mimi nilimutukana.

"Pepo ya kusoma," akasema, "haitoke kwa chai."

Mimi nilienda kugusa lile sanduku pale mikono yao ilikuwa. Lilikuwa moto kama mugongo ya mutoto wa malaria. Nikaita muzee aguse.

"Iko na homa," nikamuambia.

"Basi umupe quinine."

Lakini yeye hakucheka, alisema tu. Binti akataka kufungua sanduku aone ndani. Kaka yake alishakataza mbele ya kuenda. Nyuma ya sanduku kulikuwa karatasi ndogo ya kugundisha, yenye kungaa, na balimuambia kule Dubai ukiipasua, garantie, ile ahadi ya kuitengeneza bure, imekufa. Garantie! Batu banakimbia na magodoro ku kichwa, sisi tunachunga karatasi ya Dubai. Lakini tuliichunga, juu mutoto wa kwanza ni mutoto wa kwanza, mashini ni yake, na kwetu hatufungue kitu cha mutu wakati hayuko. Na yeye alikuwa ameshapanda tena Kampala.

Mara ya kisha ile, muzee alianza kusema na macho wazi. Njo pale nilijua mambo inaharibika. Alikuwa anasema neno mbili, anaangalia kioo. Neno mbili, anaangalia kioo. Mutu mwenye kuangalia mashini haangalie njia. Bijito bikawa "kijito moja, na ingine." Bale batu ba mu bilima bakakosa majina. Akasimama yeye mwenyewe, mashini ingali inawaka, akasema, "Muitengeneze kwanza. Ikipona mutaniita."

Banasema ku Beni kuko fundi. Mimi na binti tukajitayarisha.

Sasa nieleze juu ya gunia. Mu Butembo ya ile miaka, kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kuficha. Bamoja banachimba shimo mu shamba ya migomba. Bengine banapandisha mu plafond, dari ya nyumba, lakini basoda balishajua plafond, banatoboa na bunduki. Sisi tulikuwa na gunia ya maharagi. Ukisikia makelele inatoka upande wa soko, unamwanga maharagi chini, unaweka kitu mu gunia, unarudisha maharagi juu, unashona kinywa na kamba. Soda anapiga teke, anasikia maharagi, anaenda. Redio ilipona vile. Kichwa ya cherehani ya binti ilipona vile. Na ordinateur, lile sanduku lake, liliingia mu maharagi mara mingi sana, mvua na jua. Jirani mwingine, mwenye alikuwa anatucheka, hakubaki hata na kijiko.

Donc, kuenda Beni, tuliliweka mu gunia vilevile. Tukapanda camion, juu ya mizigo. Ku barrière soda moja, kijana wa macho nyekundu, akaniita.

"Mama, eloko nini iko mu gunia?"

"Maharagi, papa."

"Yote?"

"Unaona namna gani? Fungua, hesabu."

Akaingiza mukono mpaka ku kisugudi. Binti akaangalia mbali. Soda akatosha maharagi, akaweka mu kofia yake ya chuma, akasema ya chakula ya jioni, akatupungia mukono tuende. Binti alishika kinywa ya gunia mpaka joto ya Beni ikatushika.

Tulifikia kwa dada yangu mudogo, ana shamba ya kakao. Fundi alikuwa kijana wa maneno mingi, mwenye shati wazi. Akasikiliza, akasema mbio, "Ni alimentation," yaani ile waya ya inje yenye courant inaingilia. Akaibadirisha. Akaketi na mikono nyuma ya kichwa, kutuonyesha vile inawaka. Mashini ikazima mbele ya macho yake, na upesi kuliko kwetu.

"Huku joto inaichoma mbio," nikasema. "Kwetu kukiwa na baridi inavumilia kidogo."

"Mama, kwa nini haukusema ile mwanzo?"

"Uliniuliza?"

Akageuza sanduku. Binti akamuambia, "Kaka, garantie." Akauliza ya wapi. "Dubai." "Basi muipeleke Dubai kwa miguu," akasema, akapasua ile karatasi na ukucha.

Maganda ya maharagi ikamwangika mu meza. Vumbi, ngozi ndogo ndogo za maharagi, na bale badudu benye kutoboa maharagi, bamekauka. Ndani kulikuwa kapanka kadogo ka kupepea, kamejazwa kabisa, hakazunguke. Fundi alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mama, hii ni ordinateur ao ni ghala?"

Halafu akaacha kucheka, akatuelezea. Mu mashini kuko roho ndogo yenye kupata moto, na kale kapanka kanaipepea. Kapanka kakisimama, roho inawaka moto, na mashini inajizima yenyewe kusudi isiungue. "Haikukuwa na ugonjwa," akasema. "Ilikuwa inajificha." Akapuliza na pompe ya baisikeli, akasugua na brosi ya rangi. Mashini ikawaka, ikawaka, tukangoja, jua ikazunguka nyumba, ikaendelea kuwaka.

Batu bengine bakisikia hii habari banangoja niseme ni kosa yangu. Sisemi. Ni ile gunia ilitufanya tuwe na mashini. Kama basoda bangeibeba, ingezima mara moja tu. Nasikitika kitu kingine.

Ile siku yenyewe tulituma neno kwa dereva wa camion amuambie muzee, "Imepona." Na kesho yake njia ikafungwa. Bale benye bunduki balianza kupigana kati ya Beni na Butembo, na hakuna gari ilipita. Tulikaa. Kakao yenye dada yangu alianika siku tulifika ilikauka, ikaenda, akaanika ingine, nayo ikakauka. Binti alikuwa anawasha mashini kila siku kidogo, kuiangalia tu, haina wa kuisemea. Dereva moja alipata kuzunguka kwa njia ya mashamba, akatuletea jibu. Muzee alisema, "Mubaambie nangoja, lakini mubaambie pia pumzi haingoje."

Tulirudi tukamukuta mu kitanda. Mama jirani alikuwa anamupikia uji. Tuliweka mashini mu chumba, juu ya sanduku ya nguo, binti akakaa chini, akainua bidole.

"Imepona kweli?" muzee akauliza.

"Imepona, Baba. Haitazima tena. Tuanze ku njia, kutoka Kasugho."

Alifunga macho. Niliona, nikafurahi. Safari hii nilikuja kukaa mimi mwenyewe, ku miguu ya kitanda, mikono bila kazi. Tukangoja. Kapanka kalikuwa kanazunguka ndani, kanasikika muzuri.

"Mama alinipeleka masomo," akasema. "Tulitoka Kasugho kwa miguu. Njia ilikuwa ndefu. Tukafika."

Binti akapiga. Akangoja.

"Na bile bijito, Baba?"

"Bilikuwa mingi."

"Majina yao?"

"Nilishayasema."

"Baba, yalipotea."

"Kwako njo yalipotea. Mimi nilishasema, nikafika." Akafungua macho, akaniangalia mimi, hapana mashini. "Mutu anafika mara moja."

Mashini iliwaka mpaka jirani akazima groupe. Haikukosea hata kidogo. Tuliiwasha kesho yake na siku zingine, akasema mambo ya kufundisha, ya kanisa, ya batoto bake, fupi fupi, kama mutu mwenye kujibu "ee" na "hapana". Ku njia ya Kasugho hakurudi. Mvua ilikuwa haijaisha, tukamuzika.

Ku matanga pasteur alisoma ile karatasi yenye binti alitosha mu mashini. Alianza kusoma, batu bangali banatafuta fasi ya kukaa, akamaliza. Mama moja nyuma yangu akasema, "Muzuri, ni fupi na inaeleweka." Nilitaka kugeuka nimujibu. Lakini karatasi haikudanganya. Njia ilikuwa ndefu kweli.

Disquette ilifika. Ilipita Kampala, ikapita Dubai, ikaingia Kinshasa mu mufuko wa mutu mwenye hatukumujua. Wakati ndege zilianza tena kuja, mujukuu moja, musichana, akafika kwetu. Anasema Lingala na Français, Swahili ya kuokota. Mutoto muzuri, mwenye maulizo kama babu yake. Alikuwa amesoma ile karatasi mpaka anaijua kwa kichwa, si kazi kubwa.

"Koko," ndivyo anaita bibi na Lingala, "mama ya Babu alimuambia nini mu njia?"

Nilimupa bile niko nabyo. Kwamba ku kijito moja alimukataza kunywa mpaka aseme kwanza ni maji ya ukoo gani. Kwamba mutoto alilia muguu unauma, mama akamuambia, "Muguu si yako leo, ni ya njia. Tukifika itakurudishia." Kwamba kulikuwa ndege, na muzee aliiiga, na mimi siwezi kuiiga.

"Na kisha ile ndege?"

Niliita binti. Ni yeye alikuwa pale, mbele ya mudomo ya muzee, kila neno ilipita kwake. Alifikiri, nikaona anafikiri kweli.

"Mama, nilikuwa napiga," akasema. "Ni bidole bilikuwa binasikia."

Mujukuu akanigeukia tena. Alikuwa anangoja, na mutoto akitoka mbali vile huwezi kumutungia neno.

"Kisha ile ndege sijui," nikamuambia. "Pale nilitoka kugeuza bugali."